Chupa ya Maji ya Mpanda Baiskeli



Asubuhi, katika barabara ya Argwings Kodhek hapa Hurlingham, Nairobi, huonekana watu wakienda kazini kwa baiskeli, na wengi wamechukua chupa ya maji. Wewe nawe, upelekapo maziwa kwa baiskeli, huchukua chupa kama hiyo. Je, umepata kuchungulia ndani yake?

Mimi nilichungulia yangu siku mtoto wangu alipokataa kuinywea. Ndani mlikuwa na utando wa kijani, na chini ya mpira wa kifuniko madoa meusi. Nami nilikuwa nikiisuuza kila siku, nikidhani yatosha.

Utando wa kijani ni mwani. Hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama yafanyavyo mahindi yako. Kwa hiyo huota upesi katika chupa angavu iliyoachwa juani. Madoa meusi ni ukungu. Huo hauhitaji jua. Hutaka unyevu na chakula, nao hupenda mabaki ya chai yenye sukari.

Basi fanya hivi:

1. Toa mpira wa kifuniko kwa ncha ya kijiti.

2. Tia chupani maji ya uvuguvugu, sabuni na konzi ndogo ya mchele mbichi, kisha tikisa kwa nguvu. Mchele husugua mahali mkono usipofika. Kifuniko na mpira visugue kwa mswaki mkuukuu. Suuza vyote.

3. Changanya kijiko kimoja cha chai cha jiki isiyo na manukato na lita moja ya maji baridi. Jaza chupa, loweka na kifuniko, ungoje dakika 10. Mwaga, kisha suuza vizuri kwa maji ya kunywa.

4. Iinamishe bila kifuniko mpaka ikauke kabisa.

Angalia sana: usichanganye jiki na siki hata kidogo. Hutoa hewa ya sumu inayoumiza mapafu.

Chupa iliyokwaruzika ndani, au isiyoacha kunuka, itupe. Na chupa iliyowahi kutiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kunyunyizia mimea isiwe ya kunywea kamwe, hata ukiiosha mara kumi.

Tena kumbuka kwamba chupa safi haisafishi maji machafu. Maji ya mtoni au ya kisima yachemshe kwanza. Kila jioni osha chupa, uianike, uiweke kivulini. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu, lakini ugonjwa wa tumbo waweza kukulaza siku nzima za palizi.