Hita ya mafuta au hita ya gesi: ipi itakugharimu kidogo msimu huu wa baridi?

Mwezi wa Juni ukifika hapa Sydney, swali moja hutujia tena na tena: "Ninunue hita ya mafuta, au niwashe ile ya gesi iliyoko ukutani?" Ni swali zuri. Ukikosea jibu, hutajua leo wala kesho. Utajua bili ikifika, na wakati huo umeshatumia.

Kwetu wengi tulizoea kulipa kwanza ndipo tutumie: Luku kwa waliokaa Tanzania, tokeni kwa waliokaa Kenya, cash power kwa waliotoka Burundi au Kongo. Pesa ikiisha, taa inazima, na unajua umefikia wapi. Hapa mambo yamegeuzwa. Unatumia kwanza, halafu bili inakuja baada ya mwezi mmoja au miezi mitatu. Hakuna taa inayozima kukuonya. Kwa hiyo ni vizuri kupiga hesabu kabla ya kuwasha.

Hita ya mafuta haichomi mafuta

Tuanze na jina, maana linawachanganya watu wengi. Kama una ndugu waliopelekwa kuishi kaskazini mashariki mwa Marekani, kwa mfano Maine, huenda wamekuambia kwamba nyumba yao ina tangi la mafuta, na lori huja kulijaza. Huko mafuta yanachomwa kweli ili kupasha nyumba nzima joto.

Hita ya mafuta inayouzwa madukani Sydney ni kitu kingine. Ni ile yenye mbavu za chuma na magurudumu madogo, inayochomekwa kwenye plagi. Mafuta yamefungiwa ndani na hayaishi wala hayaongezwi. Kazi yake ni kushika joto tu. Kinachotoa joto ni umeme. Kwa hiyo swali lenyewe hasa ni hili: umeme au gesi?

Jambo lingine: usidhani hita ya mafuta inatumia umeme kidogo kuliko ile ya feni. Zote mbili hugeuza yuniti moja ya umeme kuwa yuniti moja ya joto, basi. Tofauti ni kwamba ya feni hupasha haraka na kupoa haraka. Ya mafuta huchelewa, lakini hubaki na joto baada ya kuzimwa, haina kelele, na haina waya mwekundu unaowaka.

Kuna mshindani wa tatu

Angalia ukutani, juu. Je, kuna kiyoyozi? Wengi wanafikiri ni cha joto la Januari tu. Lakini viyoyozi vingi vya hapa hufanya kazi mbili: hupoza na hupasha joto. Chukua rimoti, bonyeza kitufe cha MODE mpaka uone neno HEAT au picha ya jua. Picha ya theluji maana yake ni kupoza.

Kiyoyozi hakitengenezi joto kwa kuchoma umeme. Kinalihamisha joto kutoka nje na kulileta ndani. Weka mkono nyuma ya friji yako: utasikia joto. Friji imelitoa kwenye chakula na kulimwaga nyuma. Kiyoyozi hufanya hivyo hivyo kwa hewa ya nje, hata usiku wa baridi, kwa sababu hewa ya nyuzi 5 bado ina joto ndani yake. Ndiyo maana kwa yuniti moja ya umeme, kiyoyozi kizuri hukupa yuniti tatu za joto au zaidi.

Tupige hesabu pamoja

Umeme hupimwa kwa yuniti, yaani kilowati-saa, na kwenye bili huandikwa kWh. Gesi hupimwa kwa megajuli, huandikwa MJ. Yuniti moja ya umeme ni sawa na megajuli 3.6. Usilinganishe senti za umeme na senti za gesi moja kwa moja, kwa sababu vipimo si sawa.

Katika mfano wetu tunasema umeme ni senti 35 kwa yuniti, gesi ni senti 4.5 kwa megajuli, na ada ya kila siku ya kuwa na gesi ni senti 75. Bei zako zitakuwa tofauti kidogo. Soma bili yako uweke namba zako mahali pa hizi.

Tuchukue familia inayopasha sebule joto kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku, saa 5 kila siku, kwa siku 90 za baridi. Sebule inahitaji joto la kilowati 2.4, ambalo ndilo hita kubwa ya kuchomeka hutoa.

– Hita ya mafuta au ya feni: yuniti 2.4 kwa saa, yaani senti 84. Kwa jioni moja ni dola 4.20. Kwa siku 90 ni dola 378.

– Hita ya gesi ya ukutani yenye bomba la moshi: tuseme sehemu moja katika tano ya joto inatoka nje na moshi. Itatumia megajuli 10.8 kwa saa, karibu senti 49. Kwa jioni moja ni dola 2.43. Kwa siku 90 ni karibu dola 219.

– Kiyoyozi kinachotoa joto mara tatu ya umeme wake: yuniti 0.8 kwa saa, yaani senti 28. Kwa jioni moja ni dola 1.40. Kwa siku 90 ni dola 126.

Hapo utasema gesi imeishinda hita ya mafuta. Subiri kidogo. Ile ada ya senti 75 hulipwa kila siku ya mwaka, hata mwezi wa Desemba wakati hakuna anayewasha hita. Haba na haba hujaza kibaba: senti 75 mara siku 365 ni karibu dola 274. Umeme nao una ada yake, lakini hiyo utailipa vyovyote, maana kila nyumba ina taa na friji.

Kwa hiyo jibu linategemea nyumba yako:

Kama tayari unapikia gesi na maji ya kuoga yanachemshwa kwa gesi, ada hiyo umeshailipa. Hita ya gesi itakugharimu kidogo kuliko hita ya mafuta.

Kama gesi ni ya hita peke yake, jumlisha 219 na 274: karibu dola 493. Hapo hita ya mafuta ya dola 378 ni nafuu zaidi. Usifungue akaunti ya gesi kwa ajili ya hita tu.

Kama una kiyoyozi kinachopasha joto, kitumie hicho. Kinazishinda zote mbili. Safisha vichujio vyake kwanza, maana vumbi hulifanya litumie umeme zaidi.

Mahali pa kuangalia kwenye bili

Tafuta mistari miwili. Wa kwanza ni "Usage": ndiyo matumizi yako na bei ya kila yuniti au megajuli. Wa pili ni "Supply charge": ndiyo ada ya kila siku. Angalia pia kama bei ya umeme inabadilika kwa saa. Wengine hulipa bei ya juu zaidi jioni, wakati ule ule watoto wamerudi shule na hita inawaka. Kama ndivyo, pasha sebule joto kabla ya saa hizo kuanza, kisha punguza.

Ukitaka kulinganisha kampuni, tumia tovuti ya serikali ya Energy Made Easy. Ni bure na haiuzi kitu. Mtu akigonga mlango kukuuzia mkataba wa umeme, usisaini siku hiyo. Kama umeshasaini, una siku 10 za kazi za kubadili mawazo bila kulipa faini.

Gesi na makaa: hapa hatuzungumzii pesa tena

Kila kinachochoma moto ndani ya nyumba kinaweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko la makaa, au mbabula kama wengine wetu tunavyoita, pamoja na jiko la kuchomea nyama la nje, visiingizwe ndani kamwe, hata makaa yakionekana yamekaribia kuzima. Kule kambini nyumba zetu zilikuwa na mianya ya kupitisha hewa. Nyumba iliyofungwa vizuri hapa haina.

Kwa hita ya gesi, fuata haya:

– Baadhi ya hita za gesi hazina bomba la moshi, na moshi wake wote hubaki chumbani pamoja na unyevu unaoleta ukungu ukutani. Ukiwa nayo, lazima dirisha libaki wazi kidogo. Isiwashwe chumba cha kulala. Mtoto mwenye pumu anaweza kuzidiwa.

– Kama ni hita ya ukutani yenye bomba, usiwashe feni ya kutoa hewa ya jikoni au bafuni wakati hita inawaka. Feni inaweza kuurudisha moshi ndani.

– Moto ukiwa wa njano badala ya bluu, au ukuta ukiwa na masizi, zima. Piga simu kwa ajenti wa nyumba yako aite fundi wa gesi mwenye leseni, na umwandikie pia ili ubaki na ushahidi.

– Watu kadhaa nyumbani wakiumwa kichwa, wakisikia kizunguzungu au kichefuchefu kwa wakati mmoja, na wakapata nafuu wakitoka nje: zima hita, fungua milango, tokeni wote, piga 000.

Hita ya umeme nayo ina masharti. Ichomeke kwenye plagi ya ukutani moja kwa moja, si kwenye waya wa nyongeza wenye vitu vingine. Weka kila kitu umbali wa mita 1: pazia, godoro, nguo. Usianike nguo juu yake. Zima kabla ya kulala.

Kama huna kiyoyozi

Nyumba nyingi za zamani za Blacktown, Fairfield na Mount Druitt zina kuta nyembamba, na joto hutoka upesi. Huwezi kufunga kiyoyozi bila ruhusa ya mwenye nyumba, lakini unaweza kuomba kwa maandishi. Wakati unasubiri:

Pasha chumba kimoja tu, na familia ikae hapo. Funga milango ya vyumba vingine. Kunja taulo au kanga kuukuu uziweke chini ya mlango. Funga mapazia kabla jua halijazama, yafungue mchana jua liingie. Kama hita ina kidhibiti joto, nyuzi 18 mpaka 20 zinatosha ukivaa sweta na soksi. Kila nyuzi unayoongeza inaongeza bili.

Kwa watu wazima, blanketi la umeme ni nafuu sana. La wati 100 likiwashwa saa 5 linatumia nusu yuniti, karibu senti 18. Lipashe kitanda, kisha lizime unapolala. Usimwekee mtoto mchanga.

Pesa unayoweza kuwa unaiacha

Kama una Health Care Card au Pensioner Concession Card, na akaunti iko kwa jina lako, serikali ya New South Wales hutoa punguzo la dola 285 kwa mwaka kwenye umeme, na dola 110 kwa mwaka kwenye gesi. Halikuji lenyewe. Ni lazima uombe. Kwa wengi inatosha kuipigia simu kampuni yako na kuwapa namba ya kadi. Kama bili hailetwi na kampuni bali na wasimamizi wa jengo, omba kupitia Service NSW, simu 13 77 88.

Kama bili imeshafika na huwezi kulipa, usiifiche kwenye droo. Kampuni zote zinatakiwa kisheria kuwa na mpango wa kuwasaidia wateja wenye shida. Piga simu kabla ya tarehe ya mwisho, useme unaweza kulipa kiasi gani kila wiki mbili. Pia uliza kuhusu EAPA, msaada wa serikali kwa mtu aliyekwama na bili.

Kama Kiingereza kinakusumbua, piga 131 450, sema "Swahili", na mkalimani atakuunganisha na kampuni. Wasipokusikiliza, wapigie EWON, ofisi inayosuluhisha malalamiko ya umeme, gesi na maji: 1800 246 545. Huduma yao ni bure, na kulalamika hakutaharibu viza yako wala malipo yako ya Centrelink.

Leo jioni, kabla ya kuwasha chochote, fanya jambo moja: chukua bili yako ya mwisho, tafuta ile mistari miwili, na uandike namba zako kwenye karatasi. Zikikushinda kuelewa, mletee keswoka wako bili hiyo. Tutapiga hesabu pamoja.