Maziwa ya Mama Yaliyokamuliwa: Haki ya Mtoto, Udugu wa Kunyonya na Namna ya Kuyatunza

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), na aali zake na Maswahaba zake wote.

Ama baad. Tumefikiwa na swali la dada yetu aliyejifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto alizaliwa mdogo sana, hana nguvu ya kunyonya, akalazwa wadi ya watoto njiti. Mama akawa anakamua maziwa mchana na usiku, mtoto anapewa kwa mpira, kisha kwa kikombe. Sasa wako nyumbani, mtoto ana mwezi na nusu na bado hajashika ziwa. Chakula chake chote ni maziwa ya kukamuliwa.

Dada yetu anauliza mambo matatu. La kwanza, jamaa wanamwambia kuwa mtoto "hakunyonyeshwa". Je, ameshindwa kumtimizia haki yake? La pili, siku mbili za mwanzo maziwa yake yalikuwa hayajatoka, na mama wa kitanda cha jirani, mwenye mtoto wa kike, alimkamulia mwanawe ndani ya kikombe mara kadhaa. Hakumbuki kama zilikuwa mara nne au sita. Je, watoto hao wamekuwa ndugu? La tatu, Ramadhani inakaribia; afunge au asifunge?

Tumeona tujibu kwa urefu, kwani jambo hili linawagusa wengi katika visiwa vyetu.

Haki ya mtoto

Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Allah (Subhanahu wa Ta'ala) ameweka muda wa miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na akamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama kwa wema. Aya hiyo hiyo inabainisha kuwa nafsi haikalifishwi ila kwa kiasi cha uwezo wake, na kwamba mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Makusudio ya kunyonyesha ni mtoto alishwe maziwa yamjenge. Mama anayekamua akamlisha mwanawe kwa kikombe ameyafikia makusudio hayo, tena kwa taabu zaidi ya mwenzake. Kwa hivyo hakupunguza kitu katika haki ya mtoto, na tunamuombea ujira mkubwa kwa Mola wake.

Mafakihi wa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, wameeleza kuwa ni wajibu wa mama kumpa mwanawe dang'a, yaani yale maziwa mazito ya mwanzo yenye rangi ya manjano. Bado wako wanaoyamwaga kwa kudhani ni machafu, na hilo ni kosa. Madaktari nao wanasisitiza dang'a kwa sababu ina kinga dhidi ya maradhi, na mtoto njiti ndiye mwenye haja nayo zaidi. Ikiwa mtoto hawezi kunyonya, ikamuliwe hata kama ni kijiko kimoja, apewe.

Je, maziwa ya kikombe yanaleta udugu?

Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui. Wapo wanaodhani kuwa udugu unapatikana pale tu mtoto anaposhika ziwa. Kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi, wakiwemo Mashafi, sivyo. Maziwa yakifika tumboni kwa kikombe, kijiko, chupa au mpira wa puani, hukumu ni moja. Hata yakichanganywa na kitu kingine, hukumu haiondoki kwa hilo tu.

Masharti yake kwa Mashafi ni haya: mtoto awe hajatimiza miaka miwili ya mwezi mwandamo, maziwa yawe yametoka kwa mwanamke aliye hai, na yawe yamemfikia mtoto mara tano au zaidi, mbalimbali, kwa mujibu wa Hadithi ya Bibi Aisha (Radhiya Allahu 'anha) iliyopokewa na Muslim. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza jambo linalohusu kikombe hasa: maziwa yaliyokamuliwa kwa mkupuo mmoja, kisha mtoto akanyweshwa mara tano, yanahesabiwa kuwa ni mara moja. Basi huangaliwa yamekamuliwa mara ngapi na amenyweshwa mara ngapi. Ifahamike kwamba Mahanafi na Mamaliki wanaona hata kidogo kinatosha kuleta uharamu.

Masharti yakitimia, yule mama anakuwa mama wa mtoto kwa kunyonya, na mume wake mwenye maziwa hayo anakuwa baba. Watoto wao wote, wakubwa na wadogo, hata wale ambao mume huyo amewazaa kwa mke mwengine, wanakuwa ndugu wa mtoto huyo. Ama kaka na dada wa mtoto aliyenyonya hawaingii. Vilevile udugu huu hauleti kurithiana. Unaharamisha ndoa na kumfanya mtu kuwa maharimu.

Swali la dada yetu

Tuseme kila kikombe kilikamuliwa mbali. Kama ni mara sita, watoto hawa ni ndugu. Kama ni nne, si ndugu kwa Mashafi. Penye shaka hushikwa lile la yakini, nalo ni nne, kwa hiyo uharamu haukuthibiti. Hata hivyo tunamnasihi asiishie hapo, bali amtafute yule mama, kwani huenda anakumbuka vizuri zaidi, au muuguzi aliandika. Wasipopata uhakika, jambo la salama ni kuchukua tahadhari pande zote mbili: watoto hawa wasiozeshwe, na wala wasichukuliane kama maharimu wakikua. Binti atajisitiri mbele ya kijana huyo, na wala hawatakaa faragha.

Tunasema hivi kwa kukumbuka kisa cha Uqba bin al-Harith (Radhiya Allahu 'anhu), alichokipokea Bukhari. Alikwishaoa, kisha akaja mwanamke akasema kuwa aliwanyonyesha wote wawili, mume na mke. Uqba alikuwa hana habari hiyo. Alipanda mnyama wake kutoka Makka mpaka Madina kumuuliza Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), naye akamuelekeza kumwacha mkewe maadamu maneno hayo yameshasemwa. Wakaachana. Neno moja lisilosemwa mapema lilivunja nyumba. Visiwani kwetu tunaoana karibu karibu, na mtoto wa kitanda cha jirani leo anaweza kuwa mposaji baada ya miaka ishirini.

Basi kila anayetoa au kupokea maziwa aandike: jina la mama na mumewe, wanakotoka, tarehe na idadi ya mara. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na cheti cha kuzaliwa, na baba wa pande zote waambiwe. Tena asipokewe mtoto maziwa ya mwanamke mwengine bila ya daktari kujua, kwani yapo maradhi yanayopita kwenye maziwa. Kuhusu benki za maziwa, ambako maziwa ya wanawake wengi hukusanywa, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1985 ilizuia kuzianzisha katika nchi za Kiislamu, kwa kuchelea nasaba kuchanganyika.

Namna ya kukamua na kutunza

Mama wa mtoto mchanga akamue si chini ya mara nane kwa siku, na usiku usiachwe, kwani ziwa lisipotolewa maziwa hupunguza kutengeneza. Anawe mikono kwa sabuni, alikande ziwa polepole, aweke kidole gumba juu na vidole vingine chini ya sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, asukume kuelekea kifuani, kisha abane na kuachia. Asiburure vidole juu ya ngozi. Abadilishe ziwa kila baada ya dakika chache, mpaka ipite kama nusu saa. Mwenye pampu aoshe vifaa vyake kila baada ya kutumia.

Maziwa yawekwe kwenye chombo safi chenye mfuniko, yaandikwe siku na saa. Katika joto la nyuzi 25 hukaa saa nne, lakini joto letu mara nyingi hupita hapo, basi yatumike mapema zaidi. Ndani ya friji, kwa nyuma na si mlangoni, hukaa hadi siku nne. Yakigandishwa, ni bora yatumike ndani ya miezi sita. Umeme ukikatika, sanduku la barafu lililofungwa vizuri huyahifadhi kwa muda wa siku moja. Yapashwe moto kwa kukiweka chombo ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, yasichemshwe jikoni. Yaliyoyeyuka yasigandishwe tena, na yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yasizidi saa mbili. Mtoto aliyelazwa hufuata maelekezo ya wadi yake.

Kikombe kidogo kilicho safi ni bora kuliko chupa, kwani chupa ni ngumu kusafisha. Kwa miezi sita ya mwanzo mtoto asipewe maji wala uji, na asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka kwa sababu inaweza kumletea maradhi makubwa. Mama ambebe kifuani ngozi kwa ngozi na aendelee kumpa ziwa kila siku. Watoto wengi hulishika wakishapata nguvu.

Kuhusu Ramadhani

Kukamua maziwa hakubatilishi funga wala udhu. Mama akiogopa kudhurika yeye, au yeye pamoja na mtoto, anaruhusika kula, kisha alipe. Akiogopa kwa ajili ya mtoto tu, mfano maziwa kupungua, anaruhusika pia, lakini kwa Mashafi atalipa na kutoa fidia ya mudd moja ya chakula kwa kila siku, nayo ni robo ya kinachotolewa kwa mtu mmoja katika Zaka ya Fitri. Mtoto njiti anayetegemea kikombe ni udhuru ulio wazi.

Nasaha zetu kwa jamaa

Mama huyu anaamka mara tatu au nne usiku, si kwa kunyonyesha tu, bali kukamua, kulisha na kuosha vyombo. Enyi akina baba, osheni vikombe hivyo. Enyi wakwe zetu, mpikieni na mumpumzishe, na neno la "hakunyonyesha" lisisikike tena nyumbani, kwani huzuni nayo hupunguza maziwa.

Tunamuomba Allah amkuze mtoto huyu katika afya na twaa, na awajaalie wazazi wake kila la kheri.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.