Asasi za Kiraia na Mpaka Usiopo kati ya Maendeleo na Siasa

Asasi za kiraia ni vikundi na mashirika ambayo watu huyaunda kwa hiari yao, nje ya serikali, nje ya vyama vinavyogombea madaraka na nje ya biashara ya kutafuta faida. Humo mna chama cha kufa na kuzikana cha mtaa, kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA), jumuiya ya waumini, chama cha wafanyakazi na hata shirika la wanasheria lenye ofisi Dar es Salaam. Nchini Tanzania, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika yanayosajiliwa chini yake yasifungamane na chama chochote cha siasa, na sharti hilo lina maana. Tatizo ni kwamba mara nyingi limevutwa hadi likawa jambo jingine: asasi zichimbe visima na kugawa madaftari, siasa ziwaachie wanasiasa. Historia ya nchi haionyeshi kwamba mpaka wa namna hiyo uliwahi kuwepo.

Mfano wa mapema uko Kilimanjaro. Mwaka 1925 wakulima Wachagga waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, ili wasaidiane kutunza mibuni na kuuza kahawa kwa bei ya maana. Walowezi wa Kizungu walitaka Waafrika wakatazwe kulima kahawa ya arabika, kama ilivyokuwa Kenya, kwa madai kwamba mashamba ya wenyeji yangeeneza magonjwa. Chama kilichoanza na dawa ya wadudu kikajikuta kinatetea haki ya Mwafrika ya kulima zao la biashara kwenye ardhi yake. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932. Serikali ya kikoloni iliipenda sheria hiyo kwa sababu iliipa pia njia ya kuwasimamia wakulima kwa karibu.

Kanda ya Ziwa mgogoro ulikuwa wa mizani. Wakulima wa pamba walilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja kila msimu, na madai yao ya mwanzo yalikuwa madogo na ya wazi: mzigo upimwe mbele ya mwenyewe, na mtu anayemwamini. Kutokana na madai hayo vikazaliwa vyama vya msingi, kisha mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyokuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Kiongozi wake, Paul Bomani, alikuwa pia mwanasiasa wa harakati za uhuru, na baadaye akawa Waziri wa Fedha. TANU, chama kilichoongoza harakati hizo, ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 kutokana na Tanganyika African Association, chama cha mwaka 1929. Ilipotaka kuwafikia wanawake wa Dar es Salaam, mwanachama wake Bibi Titi Mohamed hakuanzia kwenye ofisi. Alipita katika vikundi vya ngoma, vikiwemo vya lelemama, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, michango na nidhamu yao.

Kwa hiyo uhuru ulibebwa na vyama vya hiari. Baada ya uhuru, dola iliyotokana na vyama hivyo ilianza kuvimeza. Mwaka 1964, kufuatia maasi ya wanajeshi, shirikisho huru la wafanyakazi lilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chombo kilichofungwa kwa chama tawala. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, na mazao yakawa chini ya mamlaka za serikali.

Kisa kinachouma zaidi ni cha Ruvuma Development Association. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, Songea, wakalima pamoja, wakagawana mapato kwa kazi na kuendesha shule yao kwa namna waliyoitaka wenyewe. Vijiji vingine vikafuata. Umoja wao ukamiliki mashine ya kusaga na ya kupasua mbao. Rais wa nchi, Mwalimu Nyerere, aliviona vijiji hivyo kuwa ushahidi kwamba ujamaa unawezekana pasipo kulazimishwa. Lakini wanakijiji waliozoea kuamua mambo yao mkutanoni hawakuwa wepesi kupokea amri za viongozi wa mkoa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo na mali zake zikachukuliwa. Uhamishaji wa watu vijijini kwa nguvu, uliofika kilele chake katikati ya miaka ya 1970, ulifanyika baada ya mfano bora wa hiari kuwa umekwishazimwa. Hilo lilikuwa kosa kubwa, na gharama yake ililipwa na wakulima.

Hali ilianza kubadilika uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980. Serikali haikuweza tena kulipia kila zahanati na kila darasa, wafadhili wakatafuta washirika wengine, na mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ukarudi. Mashirika mapya yalichipuka: TAMWA ya wanahabari wanawake mwaka 1987, TGNP, mtandao wa masuala ya jinsia, mwaka 1993, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka 1995. Wanawake ndio waliotangulia, na matunda yao yanaonekana katika vitabu vya sheria. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, iliyoweka adhabu kali kwa ubakaji, na sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, zilizotambua haki sawa ya mwanamke kumiliki ardhi, zilipatikana baada ya mashirika hayo kukusanya visa, kuandika rasimu na kuwafuata wabunge.

Uhuru huo wa asasi ulikuwa na ukomo wake. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lilitoa elimu ya mpiga kura kabla ya uchaguzi wa mwaka 1995, likashutumiwa kwamba linafanya kazi ya chama cha siasa, kisha likafutiwa usajili. Zaidi ya miaka kumi baadaye Mahakama Kuu iliona kwamba hatua hiyo ilikiuka Katiba, lakini baraza lilikuwa limeshapoteza nguvu zake. Mwaka 2005 HakiElimu, shirika la masuala ya elimu, nayo ilizuiwa na wizara ya elimu kuchapisha tafiti kuhusu shule, baada ya kuhoji hali halisi ya madarasa wakati serikali ilipokuwa ikijivunia mpango wake wa elimu ya msingi. Kujenga darasa hakumkasirishi mtu. Kuuliza fedha za madawati zimekwenda wapi ndiko kunakoitwa siasa, ingawa mambo yote mawili yanamhusu mtoto yuleyule.

Ukosoaji dhidi ya asasi zenyewe nao una uzito. Mengi ya mashirika makubwa huishi kwa fedha za nje, na mfadhili anapobadili kipaumbele, mradi hufa hata kama kijiji bado kinauhitaji. Yako yanayomjua mwanzilishi kuliko wanachama, na yako ambayo taarifa zake za fedha huenda Ulaya kabla ya kufika kwa watu yanaodai kuwasemea. Kanuni za mwaka 2018 zilizotaka ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwekwe hadharani ziligusa kidonda halisi. Hata hivyo, uwazi wa kweli huelekea kwa mwananchi. Ukielekea kwa msajili peke yake, huwa ni njia ya kumjua wa kumbana.

Vikundi vidogo navyo havikwepi suala hili la fedha na siasa. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachosubiri mkopo huo huwa na sababu ya kunyamaza mbele ya diwani wake, na pia sababu ya kutaka kujua bajeti ya halmashauri.

Katika kudai mabadiliko, mahakamani ndiko raia mmoja alikoweza kufika mbali zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana hungoja hadi 18. Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, aliipinga, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja wa kurekebisha. Serikali ikakata rufaa; Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka uliotolewa ukapita bila sheria kubadilishwa.

Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria inayosimamia mashauri ya haki za msingi. Kwa marekebisho hayo, aliyefungua shauri la aina hiyo alitakiwa kuonyesha kwa hati ya kiapo jinsi ukiukwaji ulivyomgusa yeye binafsi. Chini ya sharti hilo, mtu mzima anayemtetea msichana wa miaka 15 angeweza kuambiwa kwamba shauri si lake, na msichana mwenyewe, aliyeozeshwa na baba yake, ndiye angetakiwa kutafuta wakili.