MSUMENO WA ZAMANI: TENGENEZA KINGA KWANZA

Huenda nyuma ya nyumba yako, au ya jirani yako, kuna msumeno wa umeme wa zamani. Ni ule wa mezani. Una meza ya chuma. Katikati ya meza inatokeza sahani ya chuma yenye meno. Chini yake kuna mota. Umeota kutu, na kuku wanalala juu yake. Sasa umeme umefika kijijini, na wewe unasema: "Huu nitaufufua. Nitapasua mbao za vitanda na milango hapa hapa nyumbani."

Wazo hilo ni zuri. Lakini msumeno wa zamani mara nyingi umepoteza kinga zake. Kifuniko cha sahani kiling'olewa zamani. Mkanda uko wazi. Fundi hushughulika na mota mpaka izunguke, kisha huanza kupasua mbao. Mashine imepona, lakini fundi yuko hatarini.

Leo tujifunze namna ya kuufufua msumeno bila kupoteza vidole, macho wala mapafu.

MENO YANAKWENDA KASI GANI?

Tuchukue sahani yenye upana wa sentimita 25. Inazunguka mara 3,000 kwa dakika moja. Jino moja la sahani hiyo linakwenda karibu mita 39 kila sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Basi la abiria halikimbii hivyo. Kwa hiyo usiseme, "Nitauondoa mkono nikiona hatari." Hutawahi. Kidole kikikatika hakioti tena, na kwa mkono huo huo unalima na kulisha watoto.

1. ONDOA KUTU NA RANGI

Kwanza chomoa plagi. Usiguse kitu kabla ya hapo.

Paka mafuta ya taa penye kutu, acha yalowe, kisha sugua kwa brashi ya waya na msasa. Fanya kazi hiyo nje, mbali na moto na sigara. Usitumie petroli. Mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Vaa miwani ya kazi, kwa sababu vipande vya kutu huruka machoni.

Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi. Vumbi la rangi hiyo ni sumu. Hudhuru ubongo wa watoto. Basi lowesha rangi kwa maji unapoisugua. Usiichome kwa moto. Watoto wakae mbali. Osha mikono kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

2. KAGUA SAHANI NA PULI

Zungusha sahani kwa mkono. Ikiyumba, au ukisikia mkwaruzo, beringi zimekwisha. Weka mpya. Sahani yenye ufa au iliyopungua meno itupe. Usiiunge kwa kuchomelea. Ikivunjika wakati inazunguka, vipande vyake huruka kama risasi za bunduki.

Angalia puli pia. Tuseme mota inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Puli ya mota ina upana wa sentimita 20, na ya sahani sentimita 10. Sahani itazunguka mara 2,900, yaani mara mbili ya mota. Ukibadilisha mota au puli, kasi inabadilika. Soma namba iliyoandikwa kwenye sahani. Hiyo ndiyo kasi ya mwisho inayoruhusiwa. Usiipite.

3. RUDISHA KINGA

Kinga ni hizi:

(a) Kifuniko juu ya sahani. Kinazuia mkono usifike kwenye meno.

(b) Bapa la nyuma. Ni kipande cha chuma kinachosimama nyuma tu ya sahani. Mbao ikishapasuliwa hutaka kujifunga. Ikiibana sahani, meno ya nyuma huinyanyua na kuirusha kwako kwa nguvu. Bapa hilo linaiweka njia wazi. Liwe nene kidogo kuliko sahani, lakini jembamba kuliko njia inayokatwa na meno.

(c) Kifuniko cha mkanda na puli. Kinazuia nguo na vidole visivutwe ndani.

Halafu pima ile reli ya pembeni inayoongoza mbao. Umbali kati ya reli na sahani uwe sawa mbele na nyuma. Nyuma kukiwa kwembamba, mbao itabanwa na kurushwa.

4. UMEME

Kazi hii mpe fundi umeme mwenye leseni. Waya wa zamani ngozi yake hupasuka. Mashine iwe na waya wa ethi, ili umeme ukivuja usikupige unapogusa meza.

Mwambie pia aweke swichi isiyojiwasha yenyewe. Sababu ni hii. Umeme unakatika wakati unapasua. Unasahau kuzima. Unainama kuondoa takataka kwenye sahani. Umeme unarudi, na sahani inazunguka papo hapo. Swichi nzuri hubaki imezimwa mpaka uibonyeze tena. Hata hivyo, umeme ukikatika, zima na uchomoe plagi.

WAKATI WA KUPASUA

Meno yatokeze juu ya mbao kidogo tu. Simama pembeni, si nyuma ya sahani. Sentimita 30 za mwisho sukuma kwa kijiti, si kwa vidole. Usivae glavu, shati la mikono mirefu lililolegea, wala khanga inayoning'inia. Meno yakikamata kitambaa, yanavuta na mkono. Ziba masikio kwa vizibo vya kazi, kwani kelele ya kila siku huleta uziwi polepole. Mlevi na mtoto wasiguse msumeno.

VUMBI NALO NI ADUI

Kidonda unakiona siku hiyo hiyo. Madhara ya vumbi huja baada ya miaka. Vumbi la mninga na la mvule huwasha pua na ngozi, na huweza kuleta pumu. Mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vumbi la mbao huleta saratani. Inayojulikana zaidi ni saratani ya ndani ya pua.

Basi weka msumeno kwenye banda lililo wazi, mbali na jiko na mahali watoto wanapolala. Vaa barakoa ya vumbi inayobana uso vizuri. Leso peke yake haizuii vumbi laini. Usifagie vumbi kavu. Lilowanishe kwanza. Pua ikitoa damu mara kwa mara, au ikiziba upande mmoja kwa wiki nyingi, nenda hospitali.

MTU AKIKATWA

Zima mashine. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, na mkono uinuliwe juu. Usipake majivu, udongo, tumbaku wala mafuta ya taa. Mpeleke zahanati au hospitali upesi.

Kidole kikikatika kabisa, kitafute. Kifunge katika kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi. Kitie ndani ya mfuko wa plastiki na uufunge. Mfuko huo uweke juu ya barafu au ndani ya maji baridi. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Peleka pamoja na mgonjwa.

Uliza pia chanjo ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, na huingia kwenye jeraha. Akina mama huchanjwa wakati wa ujauzito. Wanaume wengi hawajachanjwa tangu utoto. Usingoje ukatwe. Uliza kabla ya kuanza kazi.

Ndugu msomaji, usione hasara kununua kifuniko, bapa na swichi. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya kidole. Kama kinga bado hazijapatikana, acha msumeno upumzike. Kuku wataendelea kulala juu yake, na wewe utaendelea kuwa na vidole kumi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Bapa la nyuma lina kazi gani?
2. Kwa nini ni hatari umeme ukirudi ghafla?
3. Katika kijiji chetu, ni msumeno gani hauna kifuniko? Tutamsaidiaje mwenyewe akiweke?