Nyuzi za naili, mkono wa chuma

"Shikamoo, mzee. Hili gita limenishinda," alisema kijana mmoja, mpiga rithim wa bendi ya huku kwetu Temeke, akilifungua kutoka kwenye khanga. Nikachukua kipande cha karatasi nikakisukuma chini ya daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini. Kikapenya hadi nusu. Daraja lilikuwa linang'oka.

Kisa chenyewe si kigeni. Kijana amekulia kwenye nyuzi za chuma. Akapata kazi ya kupiga taratibu hotelini wakati wa chakula cha jioni, akatakiwa sauti laini, akanunua gita la mtumba la nyuzi za naili. Shingo ikamshinda kwa upana, sauti ikamshinda kwa upole. Akavua naili, akavisha chuma.

Hapo ndipo alipoliumiza. Nyuzi sita za chuma za gita kavu zikishakazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi; za naili hazizidi sana kilo 40. Ubao wa juu wa gita la naili hufanywa mwembamba ili utikisike kwa nguvu hiyo ndogo. Ukiutwisha mzigo wa chuma, huvimba au huachia daraja.

Kwa watu kama yeye kuna gita chotara. Nyuzi ni za naili na mwili ni wa naili, ila shingo imesogezwa karibu na ile aliyoizoea. Gita la naili la asili lina shingo yenye upana wa milimita 52 pale juu nyuzi zinapoanzia, na ubao wake ni bapa. La chuma huwa na 43 au 44. Chotara hukaa katikati: Yamaha za NTX zina milimita 48, na shingo zake hukutana na mwili kwenye freti ya 14, si ya 12, kwa hiyo mpiga solo hafiki ukutani mapema. Godin wa Kanada nao wana Multiac, ambayo mwili wake hauna uwazi mkubwa kama gita la kawaida, hivyo haupigi mluzi kirahisi mbele ya spika.

Ukitaka kuliunganisha na ampli, kumbuka kwamba pikapu ya gita la umeme ni sumaku, na sumaku haiusikii uzi wa naili. Chotara huwa na kinasa kilicholazwa chini ya mfupa wa daraja, kinachohisi mgandamizo na mtikisiko. Ukinunua, uliza kama kipo na kama kinafanya kazi.

Shingo nyembamba inauondolea mkono wa kushoto ugeni mwingi, lakini si wote. Mpiga solo aliyezoea kusukuma uzi pembeni ili sauti ipande atashangaa: naili inanyumbuka, unaisukuma sana nayo inapanda kidogo. Sauti ya kutetemesha itafute kwa kukitikisa kidole kufuata urefu wa uzi, kama wanavyofanya wapiga fidla.

Kazi kubwa iko mkono wa kulia. Chuma ukikichapa kinang'aa. Naili ukiichapa inagonga freti na kutoa mlio wa plastiki. Weka pembeni kile kipande cha kuchapia, tumia nyama ya kidole na ukucha kidogo. Tunao mfano wa jirani: Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alijenga besi na solo kwa wakati mmoja kwa dole gumba na kidole cha shahada tu. Yeye alipiga chuma, lakini mgawanyo ule wa vidole unakaa vizuri sana kwenye naili.

Tena sauti ya naili hufa mapema, na hilo si hasara kwetu. Rithim ya dansi, ile ya bendi kama Sikinde au Msondo, inataka noti fupi zinazoachiana nafasi. Hewa yetu ya pwani nayo ina chumvi: nyuzi tatu nyembamba za naili hazishiki kutu, ingawa zile nene, zilizovikwa waya, huchakaa. Nyuzi mpya zitalegea siku kadhaa za mwanzo. Kaza, piga, kaza tena. Usidhani gita ni bovu.

Daraja la kijana nililigundisha upya, nikalibana, likakaa siku mbili, nikarudisha naili. Alipokuja akalichapa kama yuko ukumbini, likatoa kelele.

"Mzee, halina nguvu."

"Punguza mkono."

Akapunguza. Akaanza rithim ileile kwa vidole viwili, pole pole, na fundi cherehani wa kibaraza cha pili akasimamisha mashine yake kusikiliza.