Sindano Moja kwa Binti Yako

Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana na hukaa mwilini miaka mingi kimya. Ndiyo maana msichana huchanjwa mapema, kabla hajakutana navyo.

Kenya ilianza kutoa chanjo hii kote nchini Oktoba 2019: wasichana wa miaka 10, dozi mbili. Wengi hawakurudi kwa ya pili. Nauli, shule, tunajua. Je, moja ingetosha? Swali hilo lilipimwa papa hapa Kisumu, pamoja na Thika na Nairobi, kwa wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Majibu ya 2022: dozi moja ilizuia kwa asilimia 97 zile aina mbili za HPV zinazoleta saratani nyingi. Mwaka 2025 Kenya ikahamia dozi moja.

Sokoni utasikia eti chanjo hufunga kizazi. Si kweli, saratani ndiyo humfanya mtu atolewe kizazi.

Binti anayeishi na virusi vya ukimwi huhitaji dozi zaidi, kwa hiyo mweleze muuguzi. Na wewe mama wa miaka 25 hadi 49, ukimpeleka binti kituoni, uliza kuhusu kupimwa. Chanjo yake haikukingi wewe.