Kuwa wa Kawaida Si Maradhi

Mwaka 1981 mtafiti wa Sweden, Ola Svenson, aliwauliza madereva wa nchini kwake na wa Marekani swali jepesi: ukijilinganisha na wenzako, wewe unaendesha vizuri kiasi gani? Asilimia 93 ya Wamarekani walijiweka katika nusu ya juu. Waswidi walikuwa na haya kidogo, lakini nao asilimia 69 walijipanga upande huohuo. Hesabu inakataa. Nusu ya juu haiwezi kubeba zaidi ya nusu ya watu, hata kama wote ni mahodari. Matokeo hayo yamewachekesha wanafunzi wa saikolojia kwa miaka mingi, ila ndani yake limo jambo lisilochekesha: wengi wetu tunaogopa kuwa wa kati karibu sawa na tunavyoogopa kufeli. Hofu hiyo haina msingi wa kiafya. Ushahidi unaonyesha kwamba kinachoumiza si kuwa wa wastani, bali ni kuipima thamani ya maisha kwa nafasi, yaani nani wa kwanza na nani wa mwisho. Kipimo cha namna hiyo lazima kiwaache walio wengi nyuma, wafanye watakavyofanya.

Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1954 kwamba mtu akikosa kipimo cha wazi cha uwezo wake huwageukia wenzake na kujilinganisha nao. Hilo ni la kibinadamu. Taabu ni kwamba furaha yetu humfuata tuliyemtazama kuliko kile tulichokipata. Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich walichukua picha za video za Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992, wakawaomba watazamaji wazipe nyuso za wanamichezo alama kuanzia 1 kwa uchungu hadi 10 kwa furaha kuu. Mara tu baada ya shindano, washindi wa medali ya fedha walipata wastani wa 4.8, na wale wa shaba 7.1. Wa pili alikuwa na huzuni kuliko wa tatu! Mwenye fedha macho yake yako kwenye dhahabu iliyomponyoka, na mwenye shaba anamwona wa nne akirudi mikono mitupu. Shuleni ni yaleyale. Mwaka 2003 Herbert Marsh na Kit-Tai Hau walichapisha uchambuzi wa wanafunzi 103,558 wenye umri wa miaka 15 katika nchi 26, wakaona kwamba kati ya wawili wenye uwezo sawa, aliyewekwa katika shule ya vipanga hujiona dhaifu kuliko mwenzake wa shule ya kawaida.

Mwili nao hausalimiki. Sally Dickerson na Margaret Kemeny walipounganisha matokeo ya tafiti 208 za maabara mwaka 2004, waliona kwamba homoni ya msongo iitwayo kotisoli hupanda zaidi yanapokutana mambo mawili: mtu anatathminiwa na wengine, na hana namna ya kuyaongoza matokeo. Ukiyatazama vizuri, mambo hayo mawili ndiyo nafasi yenyewe. Unaweza kusoma usiku kucha, lakini kushika namba moja kunategemea pia na jirani yako alivyosoma, na hilo haliko mikononi mwako. Hapo ndipo takwimu za Thomas Curran na Andrew Hill zinapotia wasiwasi. Walichambua majibu ya wanafunzi 41,641 wa vyuo vya Marekani, Kanada na Uingereza ya kuanzia mwaka 1989 hadi 2016, wakakuta kwamba hisia ya kuona wengine wanakudai uwe mkamilifu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 33. Kati ya aina zote za tamaa ya ukamilifu, hii ndiyo inayofungamana zaidi na sonona, wasiwasi na mawazo ya kujiua.

Lakini walioteuliwa kuwa wa pekee, je, hawakufaidi? Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwakusanya watoto zaidi ya 1,500, wengi wao wa California, waliopata alama za juu sana katika vipimo vya akili, nao wakafuatiliwa hadi uzeeni. Kwa jumla waliishi vizuri na wengi walikuwa wataalamu. Watu hupenda kusimulia kwamba hakuna hata mmoja wao aliyepata Tuzo ya Nobel, wakati William Shockley na Luis Alvarez, waliopimwa utotoni wakaachwa kwa sababu alama hazikutosha, waliipata ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine 1968. Kisa kinapendeza, lakini naona lenye uzito zaidi ni jingine. Mwaka 1999 Carole Holahan na mwenzake walichapisha uchambuzi kuhusu wazee wa kundi hilo. Walioambiwa wakiwa wadogo zaidi kwamba wamo katika utafiti wa wenye vipaji ndio walioelekea, walipofika umri wa makamo, kuona hawakuutimiza uwezo wao, na walipofika miaka 80 hali yao ya kisaikolojia haikuwa nzuri kama ya wenzao. Sifa waliyopewa wakiwa hawajafanya lolote iligeuka deni.

Hata sisi tusio na vipaji vya kutangazwa tunajitwisha deni kama hilo kila tunapotaka kilicho bora kuliko vyote. Sheena Iyengar, Rachael Wells na Barry Schwartz waliwafuatilia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakimaliza chuo na kutafuta kazi. Waliosaka kazi iliyo bora kabisa walipata mishahara mikubwa kwa asilimia 20 kuliko walioridhika na kazi inayofaa, na bado ndio waliokuwa na manung'uniko na wasiwasi zaidi.

Msomaji makini atapinga hapa, na ana haki. Kama nafasi si kitu, mbona walio chini hufa mapema? Swali hili haliwezi kupuuzwa, kwa sababu msingi wake ni mojawapo ya tafiti imara za afya ya jamii. Michael Marmot na wenzake waliwafuatilia watumishi wa serikali ya Uingereza 17,530, wote wanaume wenye ajira na mshahara, kwa miaka 10. Wa ngazi ya chini kabisa walikufa takriban mara 3 ya wale wa ngazi ya juu kabisa. Sigara, shinikizo la damu na lehemu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili ukaanza mwaka 1985, safari hii na wanawake wakiwemo, na moja ya sababu kubwa za maradhi ya moyo iliyojitokeza ilikuwa kukosa kauli katika kazi yako: huamui uanze na lipi, upumzike lini, wala ufanye vipi. Kwa hiyo kinachoua hapa ni unyonge. Dawa yake ni kuwapa watu wa kawaida kauli, kipato kinachotosha na heshima kazini, kwa maana hatuwezi kuwafanya wote wakurugenzi. Wala makala haya hayamwambii mama ntilie anayehangaika na mtaji aridhike na dhiki yake. Maisha ya wastani yanayozungumzwa hapa ni yale ambayo chakula, matibabu na ada vinapatikana.

Pingamizi la pili lina mvuto zaidi kuliko uzito. Mwaka 2001 Donald Redelmeier na Sheldon Singh walitangaza kwamba waigizaji walioshinda tuzo ya Oscar waliishi karibu miaka 4 zaidi ya wenzao. Magazeti yakashangilia. Miaka mitano baadaye Marie-Pierre Sylvestre na wenzake waliifumua hesabu hiyo upya. Anayeshinda tuzo akiwa na miaka 60 alilazimika kwanza kufika 60, na miaka yote aliyoishi kabla ya ushindi ilikuwa imehesabiwa kama faida ya ushindi. Kosa hilo liliporekebishwa, faida ilishuka hadi takriban mwaka 1, kiasi kinachoweza kuletwa na bahati tu.

Linabaki lile la uzembe: wote tukikubali kuwa wa kawaida, nani atatupasua hospitalini? Hapa watu huchanganya kiwango na nafasi. Mgonjwa anayesukumwa kuingia chumba cha upasuaji hana haja na daktari aliyekuwa wa kwanza darasani. Anamhitaji aliyefikia kiwango, aliyelala vya kutosha, na ambaye akiona kasoro huisema mapema badala ya kuificha kwa kulinda jina. Mwaka 2018 Dana Harari na wenzake walijumuisha tafiti nyingi kuhusu tamaa ya ukamilifu kazini, nao hawakuona kwamba wenye tamaa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ya wengine. Walichokiona ni uchovu, msongo na wasiwasi zaidi.

Baraza la Mitihani la Tanzania lilichukua mkondo huu Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya kumi bora ya shule na watahiniwa. Wapo waliolalamika kwamba ari ya ushindani inauawa. Naona uamuzi ulikuwa sahihi, na sababu iko ndani ya mtihani wenyewe. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, na mtoto akilipata hamnyang'anyi mwingine. Hicho ni kiwango, na kila mmoja anaweza kukifukuzia. Nafasi ya kwanza kitaifa ni moja tu, na kuwapimia watoto laki kadhaa kwa kitu kimoja ni kuwaandalia majonzi. Baraza limefanya lake, ila magrupu ya WhatsApp ya wazazi bado yanapanga watoto kwa namba.

Mzazi, alama zikitoka mwulize mwanao ameelewa nini na anahitaji msaada wapi, kabla ya kuuliza amekuwa wa ngapi. Na mtu, awe mwanafunzi au mfanyakazi, akikosa usingizi, hamu ya kula au raha ya mambo aliyoyapenda kwa zaidi ya wiki mbili, huku akisema hafai kitu, mpeleke kituo cha afya. Akitaja kujiua, mpeleke siku hiyohiyo na usimwache peke yake. Sonona inatibika.